Moto, Mshumaa na Kitabu: Majira ya Baridi katika Nchi ya Songwe

Isongole ni mji mdogo wa wilaya ya Ileje, mpakani mwa Tanzania na Malawi. Mto Songwe ndio unaozitenga nchi hizo mbili, na mto huo ulipewa kazi hiyo na watu wasioujua: Waingereza na Wajerumani, katika mapatano yao ya tarehe 1 Julai 1890. Walambya wakajikuta chini ya dola mbili bila ya kuhama nyumba zao. Baridi ya Juni haikuulizwa cheti cha njia. Huvuka mto itakavyo.

Pwani, majira haya huitwa kipupwe, na mtu wa Tanga au Unguja hukitazamia kipupwe kwa hamu, maana humpumzisha na joto na jasho la miezi iliyotangulia. Isongole, na zaidi katika milima ya Bundali, kipupwe ni jina dogo mno kwa jambo lenyewe. Mvua zimekwisha, mahindi yamevunwa, ukungu hulala mabondeni asubuhi, na mtu hana kazi kubwa ya shamba ya kumtia joto mwilini. Namna watu wa nchi hii walivyoyavuka majira hayo ni habari ya moto, ya taa na ya kitabu; na vitu vitatu hivyo havikuingia nyumbani kwa mlango mmoja.

Watu wa Ulaya ya kaskazini wamelifanya jambo la kuvuka baridi kuwa elimu, na siku hizi kuwa biashara. Mwaka 2016, mwaka ule ule ambao Songwe ilitengwa na Mbeya ikawa mkoa, mwandishi Meik Wiking wa Denmark alitoa kitabu kwa Kiingereza juu ya neno la kwao, hygge, ambalo maana yake ni karibu na raha ya utulivu wa nyumbani. Kitabu hicho kilisomwa katika nchi nyingi. Madukani Ulaya na Marekani yakapangwa mablanketi, vikombe, vitabu vya kuliwaza na mishumaa ya manukato, kana kwamba baridi ni ugonjwa na hizo ndizo dawa zake. Mwandishi huyo ataja kwamba kila mtu wa Denmark huchoma kama kilo 6 za nta kwa mwaka. Walakini aongeza jambo ambalo wenye maduka hawakutaka kulisikia, kwamba watu wa kwao hawaipendi sana mishumaa ya manukato, huiona kuwa ni kitu cha bandia.

Desturi hiyo ya mishumaa ina sababu yake mbinguni. Mwezi wa Desemba, katika mji wa Copenhagen, mchana hudumu kama saa 7 tu. Baridi na giza huja pamoja kama mapacha, na mtu wa huko hajui amchukie yupi zaidi. Isongole iko kama digrii 9 na nusu kusini ya Ikweta, na huko tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka ni saa moja na dakika chache. Jua la Juni huchwa karibu na wakati wake wa siku zote. Kwa hiyo baridi ya Songwe haina giza la kupita kiasi. Mshumaa haukuja kujibu swali lililoulizwa na nchi yenyewe. Mshumaa hauotwi. Mwenye baridi alihitaji kuni, na mtu wa kuota naye.

Jambo hili la mtu wa kuota naye lina uzito. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa kati ya Wanyakyusa, majirani wa Wandali, katika miaka ya 1934 hadi 1938, wakichunguza maisha yao. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1951, akakipa jina la Kiingereza lenye maana ya ujamaa mwema wa mazungumzo. Jina hilo alilitoa katika neno la Kinyakyusa, ukwangala: raha ya kukaa pamoja na wenzako, kula, kunywa, kuzungumza na kutaniana. Kwa Wanyakyusa neno hilo halikutaja starehe tu. Lilikuwa sehemu ya mwenendo wa mtu mwema. Aliyekula peke yake na kukaa peke yake alitiliwa shaka. Hapa ndipo njia za Denmark na za nchi ya Songwe zinapoachana. Hygge huweza kumtosha mtu mmoja, kitabu chake na mshumaa wake. Ukwangala hauwezi kufanywa na mtu mmoja, kama vile ngoma isivyoweza kuchezwa bila ya mpigaji.

Mshumaa uliingia katika nyanda hizi pamoja na dini. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1899 Traugott Bachmann akafungua kituo cha Mbozi, ambako alijitia katika kazi ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Watu hawa walitoka katika kanisa ambalo kitabu cha kuliwaza na mshumaa vilikuwa na historia ndefu. Tangu mwaka 1731 kanisa lao limechapisha kila mwaka kijitabu cha maneno mafupi ya Biblia, neno moja kwa kila siku, ili msomaji asiianze siku mikono mitupu. Tena mwaka 1747, huko Marienborn katika Ujerumani, katika ibada ya Krismasi ya watoto, kila mtoto alipewa mshumaa mdogo uliofungwa utepe mwekundu, na desturi ya mishumaa ya Krismasi ikaenea popote Wamoraviani walipokwenda.

Lakini kalenda ya Marienborn ilipofika milima ya Songwe ilikuta mambo yamegeuka. Desemba ni mwezi wa mvua na wa jembe. Hakuna baridi ya kuifukuza, na mtu anayetoka shambani na matope hadi magotini hana haja ya kukumbushwa joto la nyumbani. Mshumaa ulikuja na maana yake ya Ulaya, nuru ndogo katikati ya theluji, ukawashwa katika usiku wa vyura na mvua. Juni ilipowadia, baridi ilipokuwa inauma kweli, sikukuu ilikuwa imekwisha pita na mishumaa imekwisha. Hapana lawama katika jambo hili. Dini husafiri na majira ya kwao, kama msafiri anayebeba koti katika nchi ya joto.

Liko jambo lingine la kushangaza zaidi, nalo ni la biashara. Nta ya nyuki, ambayo hutengenezwa mishumaa iliyo bora kuliko yote na yenye harufu ya asali bila ya kutiwa kitu, ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Tanganyika iliziuza ng'ambo, wakati wa Wajerumani na wakati wa Waingereza pia. Misitu ya miombo ilitoa nta, nayo ikafungwa magunia na kupelekwa bandarini. Kilichorudi ni mafuta ya taa katika madebe. Hivyo nchi ya nyuki iliuza mshumaa wenye harufu nzuri ikanunua kibatari chenye harufu mbaya. Kibatari, au koroboi kama wengine wanavyokiita, hakikuwa kitu zaidi ya kopo na utambi wa pamba. Moshi wake ulipaka masizi ukutani na katika pua za watoto, na asubuhi yake nguo zilinuka. Pwani waliweza kuifunika harufu hiyo kwa udi na ubani katika chetezo. Bara, mwenye kutaka harufu njema alichagua kuni njema. Waliokuwa na nafuu walinunua taa ya chemli. Ng'ambo ya mpaka, misheni ya Waskoti ya Livingstonia ilikuwa na taa za umeme tangu mwaka 1905, zikiendeshwa kwa nguvu za maji. Lakini nuru ya kituo ni nuru ya kituo, na vijiji vilivyo mbali vilibaki na utambi wao.

Katika hali hiyo kitabu kilikuwa mgeni mwenye masharti. Hadithi ya kale husimuliwa gizani, hata makaa yakifa. Msimulizi hahitaji kuona. Kitabu hudai nuru, na nuru hudai senti. Tena hudai kwamba mmoja akiitazame, awape wenzake kisogo. Lau kila msomaji angekuwa na taa yake, kitabu kingewatawanya watu waliokizunguka chungu kimoja. Uchache wa mafuta ulizuia jambo hilo. Palipokuwa na kibatari kimoja na mtu mmoja aliyepita shuleni, huyo mmoja alisoma kwa sauti, na wengine walisikiliza, wakamkatiza, wakabishana juu ya yaliyosemwa. Ndivyo gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali mwaka 1923, lilivyopata wasikilizaji wengi kuliko wanunuzi wake katika nchi nzima. Ndivyo pia Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, tafsiri zilizotoka mwaka 1929, zilivyoweza kwenda mbali na shule zilizozipokea. Ukwangala ulikimeza kitabu kabla ya kitabu kuumeza ukwangala.

Baada ya mwaka 1948, ilipoanzishwa idara ya vitabu ya Afrika Mashariki iliyokuwa na makao yake Nairobi, vitabu vilipelekwa vijijini kwa masanduku na kwa posta. Mwaka 1960 Muhammad Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya upelelezi, na hapana kitabu kinachoufaa usiku wa baridi kuliko kile kinachomfanya msikilizaji aseme, soma kidogo tena. Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1968, miaka 6 baada ya kufa kwake, kina raha ya namna nyingine: mtu anaacha kazi ya mjini anarudi shambani, na utulivu wa shamba unaonekana kuwa ni mali. Mkulima wa Ileje huenda angetabasamu mahali fulani katika kitabu hicho, kwa kuwa anajua uzito wa jembe. Lakini tabasamu nalo ni faraja.

Mwaka huo huo wa 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likipita katika nchi ya Tunduma. Mafuta yakapita chini ya ardhi usiku na mchana, na juu yake watu wakahesabu mafuta ya kibatari kwa kikombe.

Ndipo ikaja kampeni kubwa ya kusoma na kuandika. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama asilimia 67; mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ukaonyesha kwamba wamebaki asilimia 39, na mwaka 1986 wakasemekana kuwa chini ya asilimia 10. Nchi chache zimefanya kazi kama hiyo kwa muda mfupi hivyo. Na kazi yenyewe ilifuata desturi ya zamani, ingawa labda waliopanga hawakulifikiria hivyo: mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya, wakisikiliza redio, wakisomewa kijitabu, wakijadiliana, kwa muda wa wiki 12. Huo ulikuwa ukwangala wa serikali.

Walakini vijitabu hivyo vilifundisha choo, maji, pamba na mahindi. Ni mambo ya kuokoa maisha, na asiyeyathamini hajazika mtoto aliyekufa kwa kuhara. Hata hivyo mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 50 hakupewa kitabu cha kumchekesha. Idara ile ya Nairobi ilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1980 karatasi ikawa adimu kama sabuni. Maktaba za vijiji zilikuwa na rafu kuliko vitabu. Waliojifunza herufi kwa jasho wakaanza kuzisahau kwa kukosa cha kusoma, na yamkini ya kwanza kusahauliwa ilikuwa tamaa yenyewe ya kusoma. Serikali ilijua kwamba mtu ni afya. Haikukumbuka kwamba Julai ni ndefu.

Mwisho wa kibatari haukuletwa na mishumaa wala na vitabu. Bajeti ya mwaka 2011/12 ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, ili kuzuia wachakachuaji wasiyachanganye na dizeli, na maskini wa kibatari akaadhibiwa kwa kosa la mwenye lori. Tochi za bei ndogo na taa za jua zikaja wakati huo huo, na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, ukapeleka nguzo zake hatua kwa hatua. Barabara ya Mpemba hadi Isongole, yapata kilomita 50, sasa ni ya lami, na bidhaa za Tunduma hufika Isongole mapema. Simu imemletea kila mtu nuru yake mwenyewe ya kushika mkononi, na maandishi ndani yake. Ndiyo taa ya kwanza katika nchi hii isiyohitaji mtu wa pili.

Mishumaa bado huuzwa madukani, meupe, isiyo na harufu, kwa ajili ya usiku ambao umeme umekatika. Huwashwa, ikadondoshwa tone juu ya kifuniko cha kopo, ikasimamishwa. Ikiwa ni Julai, watu hawakai nayo sana sebuleni. Huichukua wakaenda nayo jikoni, kwenye mafiga, na mtoto aliyekuwa akisoma kwa ajili ya mtihani huja na daftari lake, akaambiwa asome kwa sauti.