Kinshasa–Goma kwa ndege: ni kilometa ngapi, ni masaa ngapi?

Ukipima mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa N'djili, Kinshasa, mpaka ule wa Goma, unapata karibu kilometa 1.560. Kavumu, karibu na Bukavu, iko kwenye kilometa 1.500 hivi. Na kwa sababu hakuna barabara ya lami inayotoka mashariki moja kwa moja mpaka mji mkuu, ndege ndiyo njia ya haraka kwa mgonjwa, mwanafunzi ao mfanyabiashara.

Masaa ya njiani

Ndege kubwa ya jeti inakimbia karibu kilometa 800 kwa saa. Ukiongeza dakika za kupanda, kushuka na kutembea kwenye kiwanja, safari ya Kinshasa–Goma inachukua masaa mawili na robo hivi. Ndege ndogo ya mapanga, inayokwenda karibu kilometa 500 kwa saa, inapitisha masaa matatu.

Ndege ikisimama Kisangani, inaruka kilometa 1.225 kwanza, kisha 495. Jumla ni 1.720. Kilometa zilizoongezeka ni 160 tu, lakini kushusha watu, kupakia na kuruka tena kunaweza kula saa nzima.

Saa ya Kinshasa si saa ya Goma

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kivu zote mbili, Ituri, Maniema, Tshopo na Katanga ya zamani zinatangulia Kinshasa kwa saa moja. Na biye ya ndege inaandika kila saa kufatana na mji wenyewe.

Mfano: biye inasema kutoka Kinshasa 09h00, kufika Goma 12h15. Usihesabu masaa matatu na robo. Ni mawili na robo. Kurudi: kutoka Goma 13h30, kufika Kinshasa 14h45. Inaonekana kama saa moja na robo, kumbe ni muda ule ule. Aliye na ndege nyingine ya kuunganisha Kinshasa ahesabu vizuri, asije akaachwa.

Njia ikifungwa

Tangu mwisho wa Januari 2025, mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa M23, ndege za kawaida za abiria zilisimama kwenye uwanja wa Goma. Wenye kutaka kufika Kinshasa walilazimika kuzungukia inchi jirani.

Tuchukue njia ya Kigali na Nairobi. Kwanza ni gari, kilometa 155 hivi mpaka Kigali. Kisha ndege Kigali–Nairobi, karibu kilometa 760, halafu Nairobi–Kinshasa, karibu 2.410. Hewani peke yake ni kilometa 3.170, mara mbili ya njia ya moja kwa moja. Msafiri anaenda kwanza mashariki, kisha anarudi magharibi na kuvuka Kongo yote. Masaa mawili na robo yanageuka siku nzima, wakati mwingine na kulala njiani, bila kuhesabu pasipoti na gharama za mipaka.

Mbele ya kulipa, uliza mambo matatu: ndege inasimama wapi, ni ya aina gani, na saa iliyoandikwa ni ya mji gani.