Kompyuta ya Nyumbani Ghulail: Swichi Nyekundu, Lugha Tatu na Akiba Isiyooza



Tukisimulia maisha ya ugenini huwa tunataja mambo makubwa: meli, pasipoti, mapinduzi, hija. Leo naomba tukae kidogo na kitu kilichokuwa pembeni mwa chumba, kimefunikwa kitambaa cha maua kisiingie vumbi. Nacho ni kompyuta ya nyumbani. Nataka tuzungumzie zile mbinu ndogondogo tulizokuwa tukipeana ili mashine itutii, maana kila mbinu ina historia nyuma yake, na mbinu moja kati ya hizo ndiyo iliyookoa kumbukumbu za mtaa mzima.

Mtaa wenyewe ni Ghulail, kusini mwa Jeddah. Jeddah ni mlango wa Makka, na kwa karne nyingi wapo mahujaji waliopita mlango huo wasirudi kwao. Ghulail ulijengeka bila ramani ya manispaa, vichochoro vyake vyembamba, nyumba zimeegemeana. Walikaa humo watu wa Afrika Magharibi, Chad, Sudan, Pembe ya Afrika, Yemen na Burma, na ndani ya mchanganyiko huo Waswahili hatukuwa kundi kubwa. Mtoto alizungumza Kiarabu barabarani, Kiswahili ndani, na Kiingereza alikikuta kwenye maandishi ya mashine.

Ulimwengu wa Kiarabu ulikuwa umetutangulia katika jambo hili. Mwaka 1982 Mohammed Al-Sharekh alianzisha kampuni ya Al Alamiah nchini Kuwait, na katika miaka ya 1980 jina lake la Sakhr likawa maarufu kwa kompyuta ndogo za aina ya MSX zenye herufi za Kiarabu kwenye kibodi, zilizochomekwa kwenye televisheni ya sebuleni. Kwetu habari ilikuwa nyingine. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, pale Hazina Dar es Salaam, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mlango haukulegezwa hadi miaka ya 1980. Basi wapo watu waliotoka Tanga au Zanzibar wasijue kompyuta ila kwa jina, wakaikuta Hijazi dukani, imepangwa kama redio.

Mbinu ya kwanza iliyofaa kujulikana haikuwa kwenye kioo bali nyuma ya boksi. Pale waya wa umeme unapoingia palikuwa na swichi ndogo nyekundu, upande mmoja imeandikwa 115, upande wa pili 230. Saudia kwa miaka mingi nyumba zilitumia umeme wa aina mbili: volti 127 kwa soketi za kawaida, na 220 kwa viyoyozi na vyombo vizito. Mwaka 2010 ndipo serikali ilipoamua kuhamia taratibu kwenye volti 230. Kompyuta ya Jeddah kwa hiyo mara nyingi ilikaa kwenye 115. Sasa mtu anaifunga ndani ya blanketi, anaipeleka kwa ndugu zake Mombasa au Dar es Salaam, ambako umeme ni wa volti 230 hadi 240. Wanaichomeka bila kuitazama swichi. Unasikika mlio, unatoka moshi, na zawadi ya mwaka mzima inakwisha kwa sekunde moja. Aliyejua alisogeza swichi kwa ncha ya bisibisi kabla ya kufunga mzigo. Siku hizi chaja nyingi zimeandikwa 100 hadi 240 na hujirekebisha zenyewe, lakini desturi ya kusoma kibandiko kabla ya kuchomeka bado haijapitwa na wakati.

Mbinu ya pili ni ya lugha. Windows ya Kiarabu haikuwa Windows ya Kiingereza iliyotafsiriwa tu, bali iligeuzwa kama sura kwenye kioo. Kitufe cha kuanzia kilikaa kulia, na saa kushoto. Mtoto aliyejifunza kompyuta Ghulail alipokwenda likizo na kuingia kwenye duka la intaneti huko Pwani, mkono wake ulikwenda upande usiofaa. Dawa ilikuwa kujifunza vitufe, kwa kuwa vitufe havina lugha. Ctrl na C hunakili, Ctrl na V hubandika, Ctrl na Z hufuta kosa, F2 hubadilisha jina la faili, iwe Kiarabu, Kiingereza au Kichina. Alt na Shift kwa pamoja zilihamisha kibodi kutoka Kiarabu kwenda Kiingereza, na Ctrl na Shift za upande wa kulia ziligeuza mstari uanze kulia. Mtu mwenye hayo manne au matano kichwani alikuwa mwenyeji wa mashine yoyote.

Na Kiswahili je? Kiswahili chetu cha herufi za Kilatini hakihitaji herufi mpya hata moja, hivyo mashine ilikipokea. Lakini kilipokelewa kama mgeni asiye na karatasi: kila neno lilipigwa mstari mwekundu chini yake, ukurasa mzima ukafanana na daftari la mwanafunzi aliyefeli. Wengi hawakujua kwamba ukaguzi ule wa tahajia huzimwa kwa kitufe kimoja tu katika mipangilio, wakadhani Kiswahili chao ndicho kibovu.

Wazee waliopenda kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama kilivyoandikwa kwa karne nyingi Lamu, Mombasa na Unguja, walipata taabu nyingine. Kibodi ya Kiarabu haina herufi ya "pa", wala "cha", wala "ga". Nazo zimo katika kibodi ya Kifarsi, ambayo ndani ya Windows XP iliongezwa bila malipo kupitia mipangilio ya lugha. Hebu fikirini: Mswahili, ndani ya Jeddah, anaazima herufi za Waajemi ili amwandikie dada yake neno "pole". Ukiitazama historia ya Pwani yetu, hilo si jambo geni hata kidogo.

Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Muda mfupi baadaye Microsoft nayo ikatoa kifurushi cha Kiswahili cha Windows XP. Tulifurahi, wengine wakabishana kama tuseme kompyuta au tarakilishi. Lakini kifurushi kile kilijengwa kukaa juu ya Windows ya Kiingereza. Mwenye Windows ya Kiarabu hakuweza kukiweka. Waliokitengeneza walimfikiria Mswahili wa Nairobi na wa Dar es Salaam. Mswahili wa Ghulail hakuwamo katika hesabu. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini tulibadilisha picha ya nyuma ya kioo tukaweka bandari ya Zanzibar, na kwa nini folda ziliitwa "Nyumbani", "Barua" na "Watoto". Yalikuwa mambo madogo. Lakini mpangaji asiye na hati ya nyumba huanza kwa kutundika picha ukutani.

Mbinu ya tatu ni ya tarehe. Windows iliyowekewa Kiarabu cha Saudia hutumia kalenda ya Hijria. Picha ya harusi ya mwaka 2004 ikaonekana ni ya 1425, na aliyeipokea London akadhani mashine imeharibika. Ukweli ni kwamba ndani ya faili tarehe ni moja tu, kinachobadilika ni namna inavyoonyeshwa, na ukibadilisha kalenda katika mipangilio ya nchi yote hurudi sawa. Walio waangalifu walikuwa wakiandika tarehe ndani ya jina la faili lenyewe, mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku: 2004-08-12-harusi. Faili zikajipanga zenyewe kwa mfululizo wa miaka, katika kompyuta yoyote. Tena waliandika majina kwa herufi za Kilatini, kwa kuwa programu nyingi za zamani zilisoma Kiarabu kwa mpangilio mmoja tu, na jina la Kiarabu likifika kwenye kompyuta ya Ulaya hugeuka alama za kuuliza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Jina la faili ndilo daftari.

Mbinu ya nne ilikuwa ya kujikinga. Intaneti ilifunguliwa kwa umma Saudia mwaka 1999, na mawasiliano yote ya nchi yalipita kwanza Riyadh, katika Mji wa Sayansi na Teknolojia wa Mfalme Abdulaziz, yakichujwa huko. Ilikuwa ya simu, ya polepole na ya gharama, basi vitu vingi vilisafiri kwa mkono: sidii za mawaidha, nyimbo, picha, baadaye fleshi. Virusi navyo vikapanda gari hilohilo. Windows XP ilikuwa na tabia ya kuendesha chochote kilichochomekwa bila kumwuliza mwenye nyumba, na kirusi cha Conficker kilichozuka mwishoni mwa mwaka 2008 kilitumia mlango huo. Ulinzi ulikuwa kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuingiza sidii, au kuzima tabia hiyo kabisa. Microsoft wenyewe walikuja kuizima kwa fleshi mwaka 2011. Mgeni hubisha hodi kwanza, na fleshi ni mgeni vilevile.

Sasa nafika kwenye mbinu ya mwisho, iliyonifanya niandike.

Tarehe 25 Novemba 2009, sawa na mwezi nane Mfunguo Tatu 1430, siku mahujaji wanapoelekea Mina, mvua kubwa ilinyesha Jeddah. Zaidi ya watu 120 walikufa, na maji yakaingia majumbani. Boksi la kompyuta huwekwa sakafuni, na sakafu ndiyo ya kwanza kunywa maji. Miaka minne baadaye, Novemba 2013, muda wa kurekebisha karatasi za ukaazi ulikwisha, na msako wa wasio na vibali ukaanza nchi nzima. Anayeondoka kwa haraka hachukui kompyuta. Lakini ukifungua boksi, diski ya ndani imeshikwa kwa skrubu nne tu, uzito wake haufiki kilo moja, na ndani yake mna kila picha na kila barua. Ukiiweka katika kasha lake la nje husomeka kwenye kompyuta nyingine kama fleshi kubwa. Aliyelijua hilo alibeba nyumba yake mfukoni.

Kisha ukaja mwaka 2021. Katika mpango wa kubomoa mitaa isiyopimwa ya Jeddah, Ghulail ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo kuvunjwa. Kwa hesabu zilizonukuliwa na Amnesty International mwaka 2022, mpango mzima uligusa zaidi ya watu 558,000 katika mitaa zaidi ya 60. Fidia ilitangazwa Januari 2022, lakini wageni, ambao walikuwa asilimia 47 ya waliohamishwa, hawakuwamo. Hata watu waliozaliwa na kuzeekea hapo walihesabiwa wageni.

Leo ukitaka kuiona Ghulail tuliyoikaa, hutaiona Jeddah. Utaiona katika diski ya mtu: mlango wa kijani uliokuwa nyuma ya watoto waliovaa nguo za Idi, kichochoro kilichoingia kwenye picha bila kukusudiwa, kwa kuwa mpigaji alikuwa akimpiga mtu na ukuta ukaingia bure. Hakuna ofisi iliyohifadhi hayo. Yamehifadhiwa na watu waliofuata kanuni tuliyodhani ni ya mafundi peke yao: kila kitu kiwe na nakala mbili, na moja isikae chini ya dari lile lile.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya mwezi huu kuisha, fanyeni mambo matatu. Sidii za zamani zilizochomwa nyumbani zifungueni mzinakili, kwa maana joto na miaka huzila hata zikiwa kabatini. Majina ya faili yaandikeni upya, mwaka mbele, na jina la mtu na la mtaa, kwani wajukuu hawatajua yule aliyesimama mlangoni ni nani. Kisha nakala moja mpeni ndugu aliye mji mwingine.

Kompyuta zenyewe zimekwenda. Windows XP iliachwa na watengenezaji wake tarehe 8 Aprili 2014, na zile boksi zenye swichi nyekundu zimeishia kwa wauza vyuma. Lakini akiba haiozi, mradi kuna aliyekumbuka kuiweka.