Chapati ni ya Kabila Gani?

Ijumaa kwetu hakupikwi. Nikishuka matatu jioni napitia kibanda cha karibu na steji, naagiza chapo 10 na madondo ya kubeba. Chapo zinafungwa kwa karatasi, madondo yanaingia kwa mkebe niliotoka nao nyumbani. Nikifika, Mama ameshachemsha chai na watu wameketi.

Ijumaa moja mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa amenuna. Shuleni walikuwa wameulizwa chakula cha asili cha jamii zao. Wenzake walitaja ugali, githeri na mukimo. Yeye akasema chapati. Darasa likacheka, na mwalimu akamwambia hiyo si yetu, ni ya Wahindi.

“Kwani hii ni ya nani?” akaniuliza, chapo iko mkononi.

“Mjibu,” Mama akasema. “Si wewe ndiye ulisoma historia?”

Nilianza na githeri, ile iliyosifiwa. Mahindi si ya hapa. Asili yake ni Amerika, na yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kupita na meli zao. Maharagwe haya ya kawaida pia yalitoka Amerika. Basi sufuria nzima ya githeri ni ya wageni, na ugali wa mahindi vilevile. Zamani wengi wa bara walisonga ugali wa wimbi na mtama. Lakini hakuna anayechekwa darasani kwa kutaja ugali.

Chapati ilikuja kwa njia nyingine. Wafanyabiashara kutoka Gujarat walikuwa pwani kabla ya mkoloni. Kisha mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, wakaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kwa mikataba ya miaka 3. Reli ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901, karibu 2,500 walikuwa wamekufa. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, lakini zaidi ya 6,000 walikaa. Hao, pamoja na wenye maduka waliofuata reli, walikuwa na vyakula vyao. Tukajifunza kula. Neno chapati ni lao, na kachumbari pia.

Ila unga wenyewe una hadithi yake. Mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba ili walowezi wapate ardhi. Huko Njoro, Lord Delamere akajaribu ngano. Ugonjwa wa kutu ukaiharibu, akaajiri mtaalamu atafute mbegu inayostahimili. Mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited. Kwa hivyo kwenye chapo moja kuna jasho la kibarua aliyevuka bahari, na kuna shamba la mtu aliyefukuzwa. Hilo nilimwambia mpwa wangu pia. Siwezi kumpa ile sehemu tamu peke yake.

Hapo Mama akaingilia. Utotoni mwake, miaka ya 1960, unga wa ngano ulikuwa ghali. Chapati ilikuwa ya Krismasi. Watoto walizihesabu zikiwa bado kwenye kikaango, na mgeni akitokea ghafla, zako zilikatwa robo. “Tulikuwa tunalala na mkono haujaoshwa,” alisema, “ndio asubuhi unuse.”

Halafu akachukua moja ya zile za kibanda, akaipasua taratibu, akatuonyesha tabaka. Unga husukumwa, ukapakwa mafuta, ukakunjwa kama konokono, ukasukumwa tena. Chapati ya kawaida ya India ni nyembamba, haina tabaka. Hii yetu inakaribia zaidi mkate wao mwingine, paratha. Yaani tulichukua jina la mmoja na upishi wa mwingine. Tukaiongezea madondo. Vijana wakaviringishia smokie ndani, ikawa smocha. Waganda nao wakaviringisha na mayai, wakaiita rolex.

Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Kwa hivyo hata mwalimu akisema ni ya Wahindi, bado ni ya Wakenya. Lakini mimi naona haiishii hapo. Chakula huwa cha watu pale mikono yao inapokijua, na mikono ya Mama inaijua hii kuliko kitu chochote. Siku hizi viganja vinamuuma, hawezi kukanda. Ndiyo sababu tunanunua.

“Sasa nimwambie mwalimu amekosea?” mpwa wangu akauliza.

“Wacha,” Mama akasema. “Kesho utakanda, mimi nitakaa hapa nikuonyeshe. Jumatatu umpelekee moja, ale kwanza. Halafu ndio mwongee.”