Nafasi kati ya noti: uchapaji wa nyimbo za kwaya, kutoka taipureta hadi kompyuta

Nota za kwaya za Kiswahili huandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni mistari mitano. Ya pili ni sol-fa, yaani herufi d, r, m, f, s, l, t zilizopangwa kwa sauti nne, moja chini ya nyingine. Katika mistari mitano umbo la noti hutaja urefu wake, hivyo mpangaji ana uhuru. Wachonga mabamba wa Ulaya waliipa noti ya nusu karibu mara moja na nusu ya nafasi ya robo, si mara mbili, na jicho likaridhika. Herufi ya sol-fa haina umbo la kuisaidia. Ile d ya pigo moja na ile ya mapigo mawili ni herufi moja; kinachozitenganisha ni alama za pembeni na nafasi iliyoachwa.

Mfumo huu ulibuniwa na Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, ukaenezwa na mchungaji John Curwen kuanzia miaka ya 1840. Wamisionari waliupenda kwa sababu ya gharama: kiwanda chenye herufi za kawaida kiliweza kuchapa muziki. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitumia sol-fa alipotunga, mwaka 1897, wimbo ambao lahani yake leo ni ya Mungu Ibariki Afrika. Wimbo wa taifa wa Tanzania, basi, ulianza maisha yake kama herufi na nukta.

Mstari mfupi unatosha kuonyesha kazi ya nafasi:

| d :r .m | f :– |

Mstari wima hutangulia pigo zito, nukta pacha hutangulia pigo jepesi, nukta moja hugawa pigo katikati, na kistari huendeleza sauti. Hapa d ni pigo moja, r na m ni nusu nusu, f ni mapigo mawili. Sauti ya pili ikiandikwa chini yake, kila nukta pacha sharti ikae chini ya mwenzake, la sivyo mwimbaji wa alto hajui anaingia wapi.

Taipureta ilikuwa kama imetengenezwa kwa kazi hiyo. Kila herufi ilichukua upana uleule, m sawa na l, na mchapaji alihesabu vibonyezo tu: sita kwa kila pigo, sauti zote nne. Karatasi ya stensili ikachapwa, mashine ya kudurufu ikazungushwa, kwaya nzima ikapata nakala. Haja ya nakala iliongezeka baada ya Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua liturujia kwa lugha za wenyeji.  

Kompyuta ilipokuja iliharibu kwanza, ikatengeneza baadaye. Katika mwandiko kama Times New Roman, m hula nafasi ya l zaidi ya mbili. Mchapaji anayesogeza herufi kwa kibonyezo cha nafasi hupata ukurasa ulionyooka kwenye kioo chake, kisha faili likifunguliwa kwenye mashine isiyo na mwandiko ule, teno na besi wanaachana njiani. Dawa ya uhakika ni jedwali lisilo na mistari: kila pigo chumba chake, na maneno safu ya chini. Wengine hurudi kwenye Courier, ambayo ni taipureta iliyohamia kompyutani. Sura yake si nzuri, lakini haikosei.

Kwa mistari mitano zipo programu maalumu: Finale ya 1988, Sibelius ya 1993, na MuseScore, ya bure, iliyoanzishwa na Werner Schweer mwaka 2002. Hizi hugawa nafasi zenyewe, lakini Kiswahili huzisumbua. Katika «m-to-to», m ina noti yake. Katika «mwa-na», mw imeshikana na a. Programu haijui tofauti hiyo, kwa hiyo anayeandika maneno hukata silabi kwa mkono. Silabi ndefu kama «nywa» chini ya noti fupi huvimbisha kipimo kizima, na vipimo vya jirani vikabanwa. Kabla ya kuvuta kipimo kimoja kimoja, inafaa kupunguza ukubwa wa maneno kidogo, kisha kuamua safu ibebe vipimo vingapi. Vinne vikikaa vizuri, vitano havilazimishwi.

Finale iliachwa na watengenezaji wake Agosti 2024. Faili zake zinahitaji kuhamishwa katika umbo la MusicXML, ambalo hubeba noti na maneno, lakini nafasi zilizorekebishwa kwa mkono nyingi hupotea njiani.

Pasipo na umeme wala printa, mwalimu wa kwaya huandika ubaoni. Hupiga kwanza mistari ya wima kutoka juu hadi chini, sauti zote nne kwa pamoja, kisha nukta pacha, na herufi huja mwisho.