Uwekevu wa Mafuta katika Njia ya Rusumo

Nchi iliyo mbali na bandari hununua kila kitu mara mbili, kwanza kwa thamani yake na pili kwa gharama ya mwendo wake. Na hapana bidhaa inayoidhihirisha kanuni hii kuliko mafuta ya gari, kwa sababu mafuta huliwa na chombo kilekile kiyachukuacho. Nyakisasa, iliyoko wilayani Ngara katika nchi ya migomba, maharage na kahawa, upande wa machweo wa misitu ya Biharamulo, iko mbali na Bahari ya Hindi kwa kilometa zinazokaribia 1,300 kwa njia ya Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Lusahunga. Kila lita iliyopata kumiminwa katika tenki la gari huko imefika baada ya mafuta mengine kuchomwa kwa ajili ya kuileta. Watu wa mijini huyadhania mambo ya kupunguza ulaji wa mafuta kuwa ni elimu ya mafundi peke yao, elimu ya kabureta na plagi na matairi. Mimi nimeiangalia tarehe ya njia hii, iishiayo Rusumo mpakani na Rwanda, kwa muda mrefu, na nimeridhika moyoni kwamba swali lililotawala ndani yake, tangu zama za malori ya kwanza hata zama hizi za magari madogo ya mbio kutoka Japani, ni swali la nani mwenye mafuta yaliyomo tenkini.

Kabla ya gari, mzigo ulikwenda kwa vichwa vya watu. Boma la Biharamulo, ambalo Wadachi walilijenga kati ya 1902 na 1905, lililetewa mahitaji yake na wapagazi, na mpagazi naye hula njiani, hata msafara mrefu ukahitaji wachukuzi wa chakula cha wachukuzi. Hesabu ya lori haikuwa tofauti. Waingereza walipoishika nchi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza na barabara za udongo zikaanza kupasuliwa, petroli ilisafiri katika madebe na mapipa. Vita vya Pili vilipofika, ikagawiwa kwa vyeti, na jirani zetu wa Kongo ya Wabelgiji wakafunga majiko ya mkaa juu ya malori yao ili yaende kwa moshi wake. Zama hizo sina haja ya kuzikalia, kwa kuwa magari yalikuwa machache na wenyewe walikuwa serikali, misheni na wafanyabiashara wachache.

Elimu ya kweli ya injini ililetwa kwa watu wengi na mashindano. Mbio za Safari zilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nazo kwa miaka mingi zilipita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na tope walilolizoea madereva wa mabasi na malori. Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam, alishinda pamoja na Chris Rothwell mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo wenyeji walilijua kama gari la abiria na la wakubwa wa idara. Kisha likaja gari la mbio kwa maana yake halisi, Datsun 240Z, lenye viti viwili, injini ya lita 2.4, silinda sita na kabureta mbili, ambalo Edgar Herrmann alishindia 1971 na Shekhar Mehta 1973. Wapenzi wa gari hilo walisifu mbio zake. Mafundi waliojua walisifu jambo jingine, kwamba gari haliwezi kwenda mbio kwa siku nyingi mfululizo ikiwa mchanganyiko wake wa hewa na petroli umeharibika, na kwamba mkono uutengenezao mchanganyiko huo kwa ajili ya ushindi ndio mkono huohuo unaoutengeneza kwa ajili ya uwekevu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa nchi ya milima. Vilima vya Ngara hufika mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sudusi moja. Kabureta iliyopimwa Dar es Salaam haina habari na badiliko hilo. Huendelea kupitisha petroli karibu kwa kadiri ileile, ilhali hewa ya kuichoma imepungua, na kinachozidi hutoka nyuma pamoja na moshi. Fundi wa zamani hakuwa na chombo cha kumwambia hayo. Aliwasha gari, akaliendesha mwendo wa kutosha kulipasha moto, akalizima ghafula, akaichomoa plagi kwa spana na kuigeuza ncha yake mwangani. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na vali zimo katika hatari ya kuungua. Ikiwa ya hudhurungi, mambo ni sawa. Kisha alishika bisibisi, akaigeuza skrubu ya kabureta robo mzunguko, akaisikiliza injini, akageuza tena kidogo. Wenye bidii zaidi walibadili hata kijitundu cha shaba kipitishacho petroli, wakaweka chembamba kuliko kile cha pwani. Naiheshimu mno kazi hii, kwa kuwa ilikuwa ni maarifa ya macho, sikio na vidole, na gari lililopita mikononi mwa fundi wa namna hiyo lilirudi nyumbani na mafuta ambayo gari jingine lingeyamaliza njiani.

Lakini ufundi peke yake haukuzaa ada. Ada ilizaliwa na dhiki. Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 viliipandisha bei ya mafuta duniani hata ikawa takriban mara nne katika miezi michache. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kwenda vitani. Na kabla ya jeraha hilo kupona, mapinduzi ya Uajemi ya 1979 yakaipandisha bei tena. Katika miaka hiyo serikali ilikataza magari ya watu binafsi kutembea alasiri ya Jumapili pasipo kibali. Mkoani Kagera, ambako vita vilikuwa mlangoni, dizeli ilikuwa kitu cha kusubiriwa, na dereva aliyeondoka Kahama kwenda Rusumo hakuwa na yakini ya kupata tone jingine mbele.

Hapo ndipo ulipokomaa mtindo wa kuweka gia free. Dereva akikikaribia kilele cha mlima huanza kuulegeza mguu mapema, na kwa nguvu za mwendo uliobaki hukivuka. Kisha hukanyaga klachi, huuvuta mti wa gia hadi katikati, na kuliachia gari litelemke kwa uzito wake, injini ikinguruma polepole kama isiyo na kazi. Mwenye njaa kubwa zaidi ya mafuta huuzungusha na ufunguo, akaizima kabisa, na lori lenye shehena likashuka kimya, husikii ila matairi na upepo, utingo akiwa ameshika kigogo cha kuwekea nyuma ya gurudumu endapo mambo yatakwenda kombo. Katika injini za kabureta na dizeli za zamani hila hii iliokoa mafuta kweli; haifai kuwasingizia watu wale ujinga. Iliokoa mafuta na kuua watu. Injini ikizimwa, pampu ya upepo wa breki nayo husimama, na kila mara breki ikanyagwapo upepo uliobaki hupungua. Na hata injini ikiwa hai, gari lililo free halishikwi na chochote ila breki zake, ambazo katika mteremko mrefu hupata moto hata zikapoteza nguvu zote. Sheria ilikataza, na adhabu ikawekwa, na ada ikaendelea.

Iliendelea kwa sababu ya hesabu iliyokuwa kati ya dereva na tajiri wake. Tajiri humpa dereva mafuta ya safari kwa kipimo, lita kadhaa kutoka mahali fulani hadi mahali fulani, na kinachosalia, kwa kauli ya mapatano au kwa kunyamaziana, huwa ni cha dereva, ambaye hukinyonya kwa mpira na kukiuza katika madumu kando ya barabara. Kwa hiyo kila mteremko kati ya Lusahunga na Rusumo, ambako ni kilometa 92 hivi, ulikuwa ni mshahara wa ziada, na mtu mwenye watoto wa kusomesha aliona mlimani kitu ambacho askari wa usalama barabarani hakukiona. Mlinganishe na dereva wa gari la ofisi katika zama hizohizo, aliyejaziwa tenki kwa hati na asiyefaidika hata kwa kibaba kimoja cha kilichobaki. Huyu aliliacha gari likinguruma mbele ya mlango wa mkubwa nusu saa nzima, na alipanda mlima mguu ukiwa umekita chini. Wote wawili walifundishwa katika vyuo vya aina moja, wakaendesha barabara moja. Kilichowatenganisha ni haki ya mabaki.

Mwaka 1994 njia hii ilijulikana ulimwenguni kwa msiba. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa siku moja, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, na mahali paitwapo Benaco, wilayani humo, pakageuka mji wa turubai. Malori ya chakula, ya maji na ya dawa yaliyofuata yaliifanya barabara ya pembezoni kuwa njia kuu. Katika miaka iliyofuata ujambazi ulishamiri katika misitu ya Biharamulo, magari yakawa yanasindikizwa na polisi, na madereva wakapita wakikimbia kwa kadiri injini ilivyoweza, kwa kuwa lori lipandalo mlima taratibu ndilo lililovamiwa. Mwenye kuhofia roho yake hahesabu lita. Na sioni kosa katika hilo.

Baadaye yakaja magari mapya ya namna nyingine, yaliyokwisha kutumiwa Japani: Subaru Impreza yenye turbo, Toyota Altezza, Mark II, ambayo vijana wa Mwanza, Kahama na Bukoba huyapenda kwa sauti na mbio zake, na ambayo huonekana yakipita Benaco yakiwa yameshushwa chini na kuvishwa rimu pana. Mabadiliko haya, nasema kwa masikitiko, aghalabu huzidisha ulaji: tairi pana huongeza mkokoto, na bawa la nyuma, likiwekwa pasipo kipimo, hupambana na upepo bure. Upepo wenyewe ni hasimu mkubwa kuliko wote, kwa kuwa ukinzani wake huongezeka kwa mraba wa mwendo. Atokaye kilometa 80 kwa saa akafika 120 huusukuma kwa nguvu mara mbili na robo. Liko na kosa la gereji lililoenea sana, la kuiondoa themostati kwa dhana ya kuwa injini itapoa vizuri. Injini hupoa mno, hasa katika baridi ya asubuhi ya Ngara, na kompyuta yake, ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, huendelea kuimiminia petroli ya ziada safari nzima. Kuirudisha themostati, kujaza upepo wa matairi kwa kipimo, kusafisha kichujio cha hewa na kuondoa keria isiyo na mzigo, hayo ni marekebisho ya shilingi chache, nayo hushinda mapambo yote.

Tena magari haya yameibatilisha ile hila ya mteremkoni. Gari la kisasa likishuka likiwa ndani ya gia, mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, kompyuta hufunga nozeli kabisa, na magurudumu ndiyo yaizungushayo injini pasipo kuchoma hata tone. Bali likiwekwa free, nozeli hufunguka ili injini isizimike, na mafuta huliwa. Kilichokuwa uwekevu kwa babu kimekuwa israfu kwa mjukuu, ilhali mkono wa mjukuu bado huuvuta mti wa gia kama alivyoona utotoni katika kiti cha mbele cha lori.

Matajiri wa malori siku hizi hufunga vipimo ndani ya tenki na vyombo vya setelaiti, wakijua gari liliposimama na lita zilizopungua. Dereva amekwisha kunyang'anywa mabaki, na wengi hawakupewa kitu badala yake; ndiyo maana kampuni zenye busara humgawia dereva sehemu ya kilichookolewa, kwa fedha na waziwazi. Mwenye Altezza hana haja ya mapatano hayo, maana yeye ndiye tajiri na yeye ndiye dereva. Bei kikomo za mafuta ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, imekuwa ikizitangaza tangu Januari 2009 huongezwa gharama ya usafiri kwa kila wilaya, na Ngara hulipia umbali wake wote kutoka bandarini. Mwenye Altezza huyo akitoka Lusahunga asubuhi kwa mwendo wa 80, akalegeza mguu mapema kabla ya kona na matuta, akaiacha gia ya tatu ilishike gari katika mteremko wa kwenda Rusumo, tofauti ataiona jioni ileile kwenye stakabadhi ya kituo cha mafuta, kwa shilingi zake mwenyewe.