Soko la Ujiji na Mtaji wa Mama Mwanika Dagaa

Itajwapo Ujiji, aghalabu watu hukumbuka misafara ya pembe na watumwa, na mkutano wa Stanley na Livingstone wa mwaka 1871. Soko lake husahauliwa. Lakini Cameron, aliyefika huko Februari 1874, aliliangalia vizuri. Fedha yake ilikuwa ushanga uitwao sofi, mfano wa vipande vya mtemba wa kiko uliovunjika. Soko lilipoanza walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi, wakiwauzia wanunuzi. Soko lilipofungwa wakainunua tena kwa wachuuzi, wakapata faida mara mbili. Basi aliyeleta samaki, chumvi au mawese aliuza mali yake, kisha akakatwa faida katika fedha yenyewe. Kwa maoni yangu, shida hii haijatoka pwani ya Tanganyika.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na dagaa wakavu wakapata njia ya kwenda mbali. Kuvua ni kazi ya wanaume. Kuanika na kuuza, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya wanawake. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Na majira ya mvua jua hukosekana, dagaa wakaoza mchangani. Kichanja cha waya huwaepusha na mchanga na kuwaongezea bei, lakini nacho hununuliwa kwa fedha. Sasa mkopeshe mama huyu kwa sharti la kurejesha kila wiki: deni halijui mbalamwezi wala mvua. Atauza kwa bei ya kutupa, au atakopa kwingine ili alipe.

Misaada haikukosekana. Mradi wa TACARE, ulioanza Kigoma mwaka 1994 kwa ajili ya kuhifadhi misitu, uliwakopesha pia wanawake wa vijijini. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati yake ikiwa ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Kuondoa riba ni jambo jema. Tarehe za kulipa, hata hivyo, hazijadiliwi sana.

Mwaka huo huo wa 2024 uvuvi ulifungwa ziwani tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Siipingi hatua hiyo. Lakini miezi hiyo ni ya kiangazi, jua lifaalo kuanikia, na daftari la mkopo wa kila wiki halina pa kuandika miezi mitatu isiyo na dagaa.