Kutoka Amani hadi Kihansi: Karne ya Kuandika Viumbe

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki. Walichokitafuta hasa ni faida: kahawa, mpira na mkwinini vingestawi wapi katika koloni lao. Hata hivyo, wataalamu waliopelekwa huko hawakuishia mashambani. Waliingia msituni, wakachuma, wakakausha, wakaandika.

Karatasi moja ya mkusanyo wa aina hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Kitawi chenye maua hubanwa katikati ya magazeti mpaka kikauke, kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu. Pembeni huwekwa lebo: nani alichuma, lini, wapi, mwinuko wa mita ngapi, ua lilikuwa na rangi gani lilipokuwa bichi, maana rangi hufifia. Mara nyingi huandikwa pia jina la mmea kwa lugha ya mahali pale na kazi yake, iwe dawa ya tumbo au mti wa kujengea. Maelezo hayo yalitoka kwa wenyeji walioujua msitu tangu utotoni, lakini majina yao ni nadra kuonekana kwenye lebo. Kazi ilikuwa yao pia, na historia ya sayansi bado haijawalipa haki yao.

Mwaka 1950 mkusanyo wa Amani ulihamishiwa Nairobi. Miaka miwili baadaye likatoka toleo la kwanza la mfululizo wa vitabu vinavyoeleza mimea ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania. La mwisho lilitoka 2012. Miaka 60, mimea zaidi ya 12,000! Wengi walioianza kazi hiyo hawakuishi kuiona ikikamilika.

Faida ya subira ya namna hiyo huonekana pale inapokosekana. Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme la Kihansi ukiwa umeshaanza, watafiti waliokuwa wakikagua mazingira ya korongo lile walikuta chura wa manjano asiyefika hata sentimita 3. Hatagi mayai, huzaa watoto waliokamilika, wadogo kama punje. Makao yake duniani kote yalikuwa vipande vichache vya majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Maporomoko yenyewe ndiyo yaliyokuwa karibu kunyimwa maji ili yazungushe mitambo ya megawati 180.

Hakukuwa na kumbukumbu yoyote ya zamani ya kulinganisha. Mabomba ya kunyunyizia maji yalifungwa korongoni, na mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Ilikuwa busara kubwa. Mwaka 2003 waliobaki Kihansi walipukutika ghafla, huku ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ukitajwa miongoni mwa sababu, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Kizazi cha wale waliosafirishwa kilianza kurudishwa korongoni mwaka 2012, baada ya kupitia maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tanzania ilihitaji ule umeme, na hilo halina ubishi. Lakini korongo lile lingekaguliwa miaka 20 mapema, bwawa lingechorwa huku chura akijulikana.

Tena si kila ugunduzi huanzia kwa mtaalamu. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja nyani wa msituni waliyemwita kipunji kabla watafiti hawajamwona mwaka 2003. Maelezo yake ya kisayansi yalichapishwa 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe. Safari hii jina la wenyeji liliingia katika maandishi ya kisayansi, na mpaka leo mnyama huyo huitwa kipunji hata kwa Kiingereza.